Kitabu au Filamu: Shilingi ya Garissa Iende Wapi?

Riwaya inayouzwa shilingi 600 jijini Nairobi haifiki Garissa kwa shilingi 600. Ndani ya bei hiyo tayari mna VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vilianza kutozwa kupitia sheria ya mwaka 2013. Halafu kuna usafiri. Bahasha ikitiwa kwenye basi Eastleigh, ikapita Thika na Mwingi, ikavuka daraja la Mto Tana baada ya kilomita zinazokaribia 370, wenye basi wanataka chao, na kama ni kitabu kimoja tu, ada ya mzigo inaweza kufika thuluthi ya bei ya kitabu chenyewe. Aliye Wajir au Mandera aongeze tena. Ndiyo maana mtoto akisema, "Mama, hiyo hadithi iko kwa filamu, nitaiona kwa simu," mzazi anashusha pumzi na kukubali. Anaona ameokoa pesa.

Mara nyingi hajaokoa kitu, na wakati mwingine ameokoa kwelikweli. Inategemea hadithi ni ipi, nani ataitazama, na kitu hicho kitabaki nyumbani au kitapita. Mimi ni msomaji wa riwaya na mpenzi wa filamu pia, na ninaishi mahali ambapo kila kimoja kinapatikana kwa jasho. Naomba nitoe hesabu yangu wazi, kisha niseme hadithi zipi nadhani zinastahili kulipiwa kwa karatasi na zipi kwa kioo.

Hesabu ya filamu ina vitu ambavyo watu hawavitaji wanaposema ni rahisi. Cha kwanza ni bando. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba simu ikiwekwa katika hali ya kubana data, gigabaiti moja inatosha takriban saa sita. Ukitazama kwa picha safi ya HD kwenye televisheni, saa moja pekee inaweza kula gigabaiti tatu. Tofauti hiyo yote iko kwenye mpangilio mmoja ndani ya programu, na jamaa wengi ninaowajua hawajawahi kuufungua. Mtu ananunua bando la siku, filamu inakatika nusu, anaongeza jingine, na kufikia mwisho wa hadithi ametumia pesa ambazo zingemnunulia kitabu cha mtumba kutoka kwa wachuuzi wa Nairobi.

Cha pili ni ada ya mwezi. Mwaka 2023 Netflix ilishusha bei nchini Kenya: kifurushi cha simu kikatoka shilingi 300 hadi 200, na kile cha msingi kutoka 700 hadi 300. Bei hizi hazikai mahali pamoja, kwa hiyo zitazame kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba kifurushi cha simu ni cha simu au tableti moja tu. Ukitaka familia nzima ikae mbele ya televisheni, unalipia kingine. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya GlobalPay, kwa hiyo kukosa kadi ya benki hakuzuii mtu tena. Kinachokula pesa kimyakimya ni mwezi usiotumika. Ramadhani inaingia, watu wanaacha filamu, ada inakatwa vilevile. Simamisha malipo mwezi wa Shaabani ukiisha. Ni dakika mbili.

Cha tatu ni stima na mtandao. Mji wa Garissa umeunganishwa na gridi ya taifa, lakini Wajir na Mandera zimekuwa zikitegemea mitambo yao ya dizeli na sola, na huko mpakani minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa. Mtu wa El Wak hawezi kupanga jioni yake kwa filamu ya mtandaoni akaitegemea.

Kwa hiyo watu wengi hawatazami kwa mtandao. Wanakwenda kwa kijana wa kujaza filamu. Duka lake ni upana wa mlango: kompyuta moja, spika mbili zilizofunikwa kitambaa kuzuia vumbi, feni inayomwelekea yeye, na ukutani picha za waigizaji zilizokwisha rangi kwa jua. Unampa memori kadi, anaipuliza, anaichomeka, anauliza bila kugeuka, "Hindi Afsomali ama Turki?" Filamu moja ni shilingi 20 au 30, ukichukua nyingi anakupunguzia, na ndani ya dakika chache umebeba jioni za wiki nzima mfukoni. Hakuna kinachoweza kushindana na bei hiyo. Sina budi kusema kwamba nakala nyingi hazina idhini ya wenye kazi, na kwamba mwandishi na mtengenezaji hawapati hata senti kutoka kwenye hiyo shilingi 20. Mnunuzi naye ana hasara zake: filamu inayoishia katikati, sauti isiyokwenda na midomo, jina la filamu moja juu ya filamu nyingine.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo filamu hizi zina haki ya kusifiwa, nami nalisema kwa moyo mmoja. Filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kisomali inamfikia bibi ambaye hakupelekwa shule. Riwaya ya Kiingereza haimfikii, na ya Kiswahili inamfikia kwa shida. Ukiwa na mzee nyumbani asiyesoma, hesabu yote inabadilika, kwa sababu kitabu cha shilingi 600 ambacho yeye hawezi kukifungua ni ghali kuliko filamu yoyote.

Sasa kitabu. Gharama yake iliyojificha ni gundi. Joto la Machi la Garissa linapita nyuzi 35 bila kuuliza, na kitabu kilichobandikwa kwa gundi hafifu kikiachwa dirishani au ndani ya gari, mgongo unalegea na kurasa zinaanza kutoka moja moja, kwa kawaida zile za katikati, pale hadithi ilipokolea. Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati na utazame mgongo kwa ndani. Ukiona uzi, kimeshonwa. Kitavumilia wasomaji kumi. Ukiona gundi tupu, kifanyie jalada la khaki, kitie plastiki na ukihifadhi ndani ya sanduku. Nakala bandia utaitambua kwa wino uliopauka, maandishi yaliyoinama upande mmoja wa ukurasa, na picha ya jalada yenye ukungu. Inauzwa nafuu kwa shilingi mia au mia mbili, na haimalizi muhula.

Kilichoshonwa kikinunuliwa shilingi 600 na kusafirishwa kwa 200, kikasomwa na ndugu watatu, jirani wawili, binamu wa Masalani na walimu wawili, kila msomaji kagharimu shilingi 100. Na bado kipo. Huo ndio uzito wa kitabu katika mji ambao kitu hupita mkono hadi mkono, na ndiyo sababu mimi, kwa hadithi nyingi, huanza na karatasi. Lakini si kwa zote.

Tuanze na ile iliyo karibu nasi zaidi kwa lugha. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anatoroka, anakimbilia kwa Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na siasa za kuwaondoa Waingereza. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa filamu yake, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na Tanzania ikaichagua kuiwakilisha katika mbio za Oscar.

Filamu ni nzuri. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinaonekana kama vinavyonukia, na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu, anamfanya Mwajuma kuwa mtu unayetaka kumtembelea. Lakini inachukua kama saa moja na nusu, na riwaya ile haiingii katika saa moja na nusu. Kitabuni, Denge anasakwa, anafungwa, anajadiliana na wenzake usiku kucha. Yasmin anakataliwa na jamaa zake mlango kwa mlango, na kila mlango una maneno yake. Maneno hayo ndiyo mali. Mwanafunzi wa Garissa aliyezoea Kiswahili cha vitabu vya kiada akisoma mazungumzo ya Shafi anasikia Kiswahili cha watu wanaogombana, wanaobembelezana, wanaofichana siri. Kitaingia katika insha yake bila yeye kujua. Kitabu kinatoka Tanzania, hivyo kinaweza kuwa ghali kidogo na kikahitaji kuagizwa katika maduka makubwa ya vitabu ya Nairobi. Kinunue hata hivyo. Filamu ukiipata kwa njia halali, itazame baadaye, na hutajuta.

Yasmin ana dada zake huku kwetu. Ebla, katika *From a Crooked Rib* ya Nuruddin Farah iliyotoka 1970, anaikimbia kambi ya wafugaji alipoahidiwa kwa mzee mmoja kwa bei ya ngamia. Anakwenda mji mdogo, halafu Mogadishu, na kila mahali anakuta kuna mtu mwingine anayetaka kumwamulia. Resian, katika *Blossoms of the Savannah* ya Henry ole Kulet, ambayo wasichana wengi wa mkoa huu waliisoma kwa ajili ya KCSE, anapambana na ukeketaji na ndoa ya lazima huko Nasila. Hawa wawili mimi nimekutana nao kitabuni tu. Farah ni mwepesi kusoma katika kitabu hiki kuliko katika vyote alivyoandika baadaye: sentensi fupi, kurasa chache, na mambo ambayo msichana wa Balambala hahitaji kuelezwa. Nakala za mtumba hujitokeza Nairobi. Kwa msichana wa kidato cha tatu anayesoma Kiingereza vizuri, sijui zawadi bora zaidi kwa pesa hizo.

Wa nne ni mtu halisi, na hadithi yake ina sura zote mbili. Waris Dirie alitoa *Desert Flower* mwaka 1998 akisaidiana na Cathleen Miller. Filamu ya Sherry Hormann ilifuata 2009, Liya Kebede wa Ethiopia akiigiza kama Waris, na sehemu za jangwani zikapigwa Djibouti. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu jambo lenyewe si la kupitisha muda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta takriban wanawake 98 kati ya 100 wa Kaskazini Mashariki wamekeketwa, miaka mitatu baada ya sheria ya 2011 kuharamisha jambo hilo. Hadithi hii inaingia katika kila nyumba yetu.

Filamu inatumia muda mwingi London: dukani, hotelini, pamoja na rafiki Mwingereza anayechekesha, mbele ya kamera za mitindo. Utoto wa Waris unakuja kwa vipande. Kipande cha ukeketaji ni kigumu mno kukitazama, na kuna vingine, vya mavazi na picha, ambavyo familia ya hapa haitakaa pamoja kuvitazama. Kitabu kinaanza na msichana anayekimbia jangwani peke yake na kukutana na simba. Kurasa zake za mwanzo zimejaa ngamia, maziwa, mvua inayosubiriwa, dada aliyepotea. Binti wa Garissa akizisoma anawatambua watu wake kwanza kabla hajafika kwenye jeraha, na anaweza kusoma peke yake, akasimama, akafunga kitabu, akarudi kesho. Filamu haimpi nafasi hiyo. Pesa ziende kwenye kitabu. Filamu niiachie kikundi cha kina mama chenye mhudumu wa afya au mwalimu wa kuongoza mazungumzo baadaye. Hapo ina kazi yake kubwa, kwa sababu anayeona hawezi tena kusema hakujua.

Kuna filamu mbili ambazo huzikosi kwenye memori kadi yoyote mjini, zote zimetokana na vitabu, na zote zinahusu Wasomali. Vijana huzitazama tena na tena. Nimegundua kwamba katika moja kitabu kinashinda kwa sababu ileile inayoifanya filamu ishinde katika nyingine.

*Black Hawk Down* ya Mark Bowden ilitoka 1999, baada ya kuchapishwa kwanza kwa mfululizo katika gazeti la Philadelphia mwaka 1997. Inasimulia mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ambamo Wamarekani 18 walikufa pamoja na mamia ya Wasomali. Bowden alikwenda Mogadishu, akazungumza na watu wa pale, na ndani ya kitabu mna Wasomali wenye majina, wenye hofu, wenye sababu za kushika bunduki. Ridley Scott alipoitengeneza filamu mwaka 2001, aliipiga Morocco, hakuweka waigizaji wa Kisomali katika nafasi za kuzungumza, na watu wa Mogadishu wakageuka kuwa kundi linalokimbia kuelekea kamera ili lipigwe risasi. Ilishinda Oscar mbili, za uhariri na sauti, na kweli sauti yake inatetemesha kiti. Lakini kijana wa Kisomali anayeitazama anafundishwa kuwatazama wajomba zake kutoka ndani ya helikopta. Hiyo ni gharama, hata filamu ikiwa shilingi 20. Kitabu cha mtumba cha shilingi 200 kinampa pande zote mbili za barabara.

*Captain Phillips* ni kinyume chake. Kitabu cha nahodha mwenyewe, *A Captain's Duty*, kilitoka 2010, mwaka mmoja baada ya meli ya Maersk Alabama kutekwa ikielekea Mombasa. Ni simulizi ya mtu mmoja, na maharamia ndani yake ni wale anaowaona akiwa amefungwa. Haiwezekani kumlaumu kwa hilo. Filamu ya Paul Greengrass ya 2013 ilimchukua Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen na Minneapolis, ambaye hakuwa ameigiza kabla, akasimama uso kwa uso na Tom Hanks na akashinda tuzo ya BAFTA. Uso wake ulio mkavu, mashavu yaliyozama, macho ya mtu anayejua kwamba hata akishinda pesa zitakwenda kwa mwingine: hayo hayamo kitabuni. Hapa lipia filamu. Kitabu kiache dukani.

*The Constant Gardener* pia ningeanza na filamu, kwa sababu tofauti. Riwaya ya John le Carré ya 2001 ni nene, Kiingereza chake ni cha kuzungukazunguka, na msomaji asiye na subira atachoka kabla siri ya kampuni ya dawa haijafunguka. Fernando Meirelles aliileta filamu 2005, akapiga picha Kibera na huko Loiyangalani, Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit iliyopakana na Wajir. Rachel Weisz alipata Oscar. Baada ya kazi, waliounda filamu walianzisha mfuko wa kuzisaidia Kibera na Loiyangalani, jambo ambalo wageni wengi wanaokuja kupiga picha kaskazini hawalifanyi. Kwa mtu wa huku, kuiona ardhi ya kaskazini ikiwa kubwa vile kwenye kioo, mawe meusi na upepo na maji ya kijani, ni sababu tosha ya kulipa. Ikikugusa, tafuta kitabu. Utakuta hasira ya mwandishi ni kali kuliko filamu inavyoonyesha.

Za Kihindi nizipitie haraka. *3 Idiots* ya 2009 ilichukua mbegu kutoka *Five Point Someone* ya Chetan Bhagat ya 2004, na Bhagat akalalamika kwamba jina lake liliwekwa mwishoni kabisa. Alikuwa na haki ya kulalamika, lakini filamu imemzidi mbali. Tazama filamu, kitabu usihangaike nacho. *Devdas* ni kesi nyingine: filamu ya 2002 yenye Shah Rukh Khan inapita saa tatu, ilhali riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917 ni fupi, ya kusoma jioni mbili. Kwa uzuri wa nguo na nyimbo, filamu. Kwa kuelewa kwa nini kijana yule anajiangamiza, kitabu.

Nimeyaacha mwisho yanayowauma wazazi zaidi, vitabu teule vya shule, kwa sababu hapa sina maoni mawili. Mtahiniwa asinunuliwe kitu kingine chochote kabla hajapata *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi au kitabu chochote kilichowekwa kwa mwaka wake. Karatasi ya fasihi huuliza dondoo: maneno haya yalisemwa na nani, kwa nani, katika muktadha gani, na mbinu gani imetumika. Hakuna filamu wala mchezo wa jukwaani unaobeba maneno yote ya mwandishi, na dondoo hutoka katika maneno ya mwandishi. Vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni vinafanya kazi ya maana, vinawaamsha waliosinzia, na kiingilio chake si kikubwa. Waangalie baada ya kusoma, si badala yake.

Mfano mmoja utatosha. *A Doll's House* ya Ibsen ilipokuwa kitabu teule cha Kiingereza, wanafunzi walikimbilia filamu. Mwaka 1973 zilitoka mbili: moja yenye Claire Bloom na Anthony Hopkins, nyingine ya Joseph Losey yenye Jane Fonda. Ya kwanza inaufuata mchezo kwa karibu. Ya Losey inaanza miaka kadhaa kabla, Nora na rafiki yake wakiteleza juu ya barafu, jambo ambalo Ibsen hakuliandika. Mwanafunzi aliyetegemea hiyo akaeleza mwanzo wa mchezo kwa barafu, mtahini hakumpa alama. *The Pearl* ya Steinbeck ina filamu ya Kimeksiko ya Emilio Fernández iliyotoka karibu wakati mmoja na kitabu, mwaka 1947, na hiyo ni nzuri ajabu, nyeusi na nyeupe, bahari ikimeremeta. Lakini kitabu chenyewe ni chembamba kiasi kwamba kukikwepa hakuokoi hata muda.

Kwa asiye na shilingi 600 kabisa, mji huu una kitu ambacho dunia imekiandikia riwaya. Mwezi wa Oktoba 1996 maktaba ya taifa ilianzisha hapa Garissa maktaba ya ngamia: ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na msafara unakwenda kwa wafugaji ambako gari la maktaba lingezama kwenye mchanga. Masha Hamilton, mwandishi wa Marekani, aliigeuza kuwa riwaya, *The Camel Bookmobile*, mwaka 2007. Ndani yake msafara una sharti: kitabu kisiporudi, ngamia hawarudi. Kijana mmoja aliyejeruhiwa na fisi utotoni anashindwa kurudisha vitabu, na kijiji kizima kinagawanyika.

Riwaya hiyo inatuangalia kupitia macho ya mgeni, mkutubi wa Brooklyn aitwaye Fiona Sweeney, na ningependa siku moja mtu wa hapa aiandike kutoka upande wa mchungaji wa ngamia. Lakini Hamilton alishika jambo la kweli: wazee wanaohofia kwamba kitabu kitawachukua watoto wao, na mwalimu anayejua kwamba bila hicho kitabu watachukuliwa na kitu kibaya zaidi. Hakuna haja ya kila nyumba kuinunua. Nakala moja katika maktaba ya Garissa inatutosha. Nenda ukaiulize kaunta, na kama hawana, andika ombi. Maombi ya wasomaji ndiyo yanayowasaidia wakutubi kuamua waagize nini.

Likizo ya Agosti ikikaribia, mwenye shilingi 1,500 afanye hivi. Kama ana mtahiniwa, anunue vitabu teule vilivyoshonwa na amalizie hapo. Kama hana, aungane na majirani wanne, waagize kwa pamoja *Vuta N'kuvute*, *Desert Flower* na *From a Crooked Rib*, ada ya mzigo wagawane watano, na ile ya mwezi ya filamu waichukue mwezi mmoja tu, simu ikiwa katika hali ya kubana data. Orodha ya zamu ibandikwe ndani ya jalada, kila mtu wiki mbili, na wasichana wawe wa kwanza kwenye orodha.